Kisanduku cha Jenereta

Kila siku shule ikiisha, Cheche hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana ya mama yake, akatupa mkoba juu ya benchi na kushika ufagio. Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti, nondo za madirisha, vitanda vya chuma na chochote kile ambacho mteja angeweza kukichora hewani kwa kidole. Jina la Cheche alilipatia humo humo karakanani, kwa sababu tangu mdogo alipenda kusogelea penye moto wakati watoto wenzake wanakimbia. Jina lake halisi lilitumiwa na walimu tu, tena wakiwa wamekasirika.

Kazi yake ilikuwa kufagia magamba meusi yanayodondoka kwenye maungio, na kutenga vyuma vinavyofaa na visivyofaa. Mama alikuwa na msemo wake: "Kilichofungwa kitafunguka. Kilichochomelewa kimefika." Nyumbani kwao kila kitu kilikuwa kimechomelewa: miguu ya viti, mpini wa sufuria, hata kishikio cha ndoo. Mtu akivunja kikombe pale mtaani, majirani walitania, "Mpelekee Mama Cheche akichomelee!"

Muhula ule mwalimu wa sayansi alitangaza maonyesho. Alikuwa bwana mmoja mpole, na maneno yasiyomtoka mdomoni yalikuwa "hebu tuone". Alisema kila mwanachama wa klabu ya sayansi atengeneze kitu kwa mikono yake, kwa vitu vilivyotupwa. Mmoja akasema atatengeneza pampu ya maji. Mwingine akasema redio, darasa likacheka. Cheche akasimama.

"Mimi nitatengeneza jenereta," alisema. "Itawasha taa."

"Sumaku utapata wapi?" mwalimu akauliza.

"Nitazitengeneza mwenyewe."

Wenzake waligeuka kumtazama. Cheche alikaa chini akiwa na furaha kubwa, na pia na hofu kidogo, kwa kuwa maneno yakishatoka hayarudi. Kando yake alikaa rafiki yake mkubwa, Futi, binti wa mshonaji wa nguo. Aliitwa hivyo kwa sababu hakukosa futi ya mama yake, ule utepe wa kupimia nguo, shingoni, na alipima kila kitu, pamoja na vitu ambavyo hakuna aliyemwomba apime.

"Cheche, nikusaidie?" Futi alinong'ona.

"Hapana. Utaiona siku ya maonyesho kama watu wengine."

Kazi ilianza vizuri. Karakanani kulikuwa na tupa nyingi za kunolea vyuma, zilizovunjika, na chuma cha tupa ni kigumu. Kikishapata usumaku hakiuachi haraka kama msumari. Mama alizikata vipande vifupi kama kidole gumba. Cheche alifungua spika ya redio mbovu, akatoa sumaku yake ya duara, kisha akaanza kusugua. Alisugua kwa kwenda upande mmoja tu, akifika mwisho anainua mkono na kuanza tena mwanzo, maana kusugua kwenda na kurudi ni kujenga na kubomoa. Mkono ulimuuma hadi akawa anaandikia daftari lake kwa shida. Lakini kila kipande alipokimaliza, alikichovya kwenye kopo la misumari midogo, na misumari ikaning'inia kama nyuki kwenye mzinga.

"Mama, ona!"

"Nimeona. Umerithi ukaidi wangu," mama alisema, akiwa anajitahidi asionekane anatabasamu.

Kilichobaki kilikuwa kuvikaza vipande vile kwenye rimu ya gurudumu la baiskeli ya mtoto. Gurudumu likizunguka, sumaku zingepita karibu na koili ya waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, na umeme ungepatikana. Katika nyumba nyingine wangewaza gundi, au kamba. Katika nyumba hii hakuna aliyewaza mara mbili. Mama alishusha ngao ya uso, akawasha mashine, na kuchomelea vipande kimoja kimoja mpaka vikaiva vyekundu, kikabaki kimoja tu kilichokosa nafasi. Baadaye akavigonga kwa nyundo kutoa magamba.

"Hivyo hata tembo akivuta havitoki," alisema. "Kilichochomelewa kimefika."

Cheche aliunganisha koili, akaunga taa ndogo ya tochi, akazungusha gurudumu kwa nguvu zake zote. Taa haikuwaka. Akazungusha tena. Akakwangua ncha za waya. Akabadilisha taa. Akaongeza mizunguko ya waya. Akasogeza koili karibu zaidi hadi ikakwaruza. Kila kitu alikikagua, isipokuwa sumaku. Sumaku alikuwa amezipima kwa mkono wake, na aliyezikaza ni mama. Kazi ya mama haikuwa na kasoro; hilo mtaa mzima ulijua.

Ikafika alasiri ya kuamkia maonyesho. Mama alikuwa amekwisha kumwambia kila mteja. "Binti yangu kesho anawasha taa kwa vyuma chakavu," alisema kwa mwenye geti, na kwa mwenye kitanda, na hata kwa mtu aliyekuja kuuliza njia tu. Cheche alisikia yote hayo akiwa amechuchumaa nyuma ya pipa. Alitamani kwenda kusema, "Mama, haiwaki." Badala yake aliingia nyumbani, akatoa betri mbili kwenye tochi, akazifungia ndani ya kisanduku kidogo cha mbao pamoja na swichi ya kubonyeza kwa kidole. Juu ya kisanduku akasimamisha taa. Nyaya za koili akaziingiza ubavuni, ambako hazikuunganishwa na kitu chochote. Kifuniko akakiziba kwa gundi.

Alijiambia kwamba hila ile ni ya kesho tu, na kwamba baadaye angeirekebisha jenereta. Waongo wengi huanza na neno hilo la baadaye.

Siku ya maonyesho, Cheche alizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kisanduku. Taa ikawaka. Lo! Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama, aliyekuja na aproni yake yenye matundu ya moto, alipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akageuka kumtazama.

"Hebu tuone," alisema mwalimu wa sayansi, akiinama. "Ndani ya kisanduku kuna nini?"

"Ni maungio ya nyaya tu, mwalimu. Nimeyaziba yasiingie vumbi."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akamtaka aeleze hatua zote. Cheche akaeleza: tupa, spika, kusugua upande mmoja, kuchomelea, koili. Yote yalikuwa kweli ila jambo moja, na jambo hilo ndilo lililowasha taa. Alipewa nafasi ya kwanza. Futi alikuwa mstari wa mbele, futi shingoni, akisikiliza kama mtu anayepokea maagizo ya safari ndefu.

Wiki iliyofuata Futi alikuja karakanani na gurudumu lake. Alikuwa amekata tupa kwa kipimo kile kile, amesugua sumaku mpaka ngozi ya vidole ikaota sugu, na amezipanga kwenye rimu kwa nafasi sawa kabisa.

"Mama, shikamoo. Naomba unichomelee kama ulivyomchomelea Cheche."

"Marahaba, mwanangu. Lete." Mama wa Cheche alifurahi. Alizichomelea kwa uangalifu ule ule.

Siku mbili baadaye Futi alimvuta Cheche pembeni wakati wa mapumziko. "Yangu haiwaki. Nimekosea wapi?"

Hapo palikuwa pazuri pa kusema ukweli. Walikuwa wawili tu, kivulini, na kengele ilikuwa bado. Cheche alitazama viatu vyake.

"Labda waya wako hautoshi," alisema. "Ongeza waya."

"Niongeze kiasi gani?"

"We ongeza tu. Mwingi."

Futi hakuja shule siku iliyofuata. Siku ya pili alikuja, lakini hakupima kitu chochote, na wakati wa klabu kiti chake kilikuwa kitupu. Mwalimu alisema Futi ameomba kuondolewa kwenye klabu. Shule ilipoisha, kwa mara ya kwanza muhula ule Cheche alipita karakana bila kuingia, akaenda hadi nyumbani kwa mshonaji.

Chumba cha kushonea kilikuwa kidogo na paa lake la bati liliwaka kwa jua. Mama yake Futi alikuwa ameinama kwenye cherehani, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu, na kila mara aliacha kazi kulifuta ili lisidondokee kitambaa cha mteja. Pembeni ya ukuta ilikuwepo feni yake, ile iliyokuwa ikivuma siku zote mtu akiingia humo. Sasa ilikuwa imefunguliwa. Waya wake wote wa shaba ulikuwa umetolewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako yuko uani. Hebu mtie moyo, maana mimi nimeshindwa."

"Feni imeharibika, mama?"

"Haijaharibika, tumeifungua. Futi alisema anahitaji waya mwingi, wewe mwenyewe ulimwambia. Nikasema sawa, joto nitalivumilia, kwani ya mwenzake si imewaka? Basi ya kwake imekataa. Ndiyo dunia."

Alisema bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyomchoma Cheche zaidi. Kama angegombezwa angalau angepata pa kujitetea.

Futi alikuwa uani ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jenereta yake ilikuwa mbele yake na koili nene kama mkate.

"Nimefanya kila ulichosema," alisema bila kumtazama. "Nimepima kila kitu. Nimewaza sana, Cheche. Hata nimejiuliza, mbona taa yako ilipowaka, gurudumu likipunguza mwendo mwanga haukupungua? Nikaona basi, kama sielewi hata hilo, mimi sina kichwa cha mambo haya. Nitashona tu na mama. Ila feni yake… mama yangu hana feni kwa sababu yangu."

Cheche aliitazama ile koili nene. Aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Aliondoka mbio bila kuaga, Futi akadhani ndiyo basi, hata rafiki amemkimbia. Lakini baada ya muda mfupi Cheche alirudi anahema, jenereta yake begani, na bisibisi mkononi.

"Mama, naomba nawe uje," alimwita mshonaji.

Alichomeka bisibisi chini ya kifuniko, akabenua. Gundi ikaachia. Betri mbili zikabingirika na kusimama miguuni pa Futi.

"Mwanga haukupungua kwa sababu haikuwa jenereta," Cheche alisema, machozi yakimtoka. "Yangu pia haijawahi kuwaka. Hujakosea kitu, Futi. Na waya… nilikudanganya. Sikujua. Nilisema tu ili usiendelee kuniuliza."

Futi aliziangalia betri zile. Halafu akasimama.

"Nenda kwenu," alisema.

"Futi, nisamehe…"

"Nimesema nenda kwenu!"

Mshonaji hakuingilia. Alimsindikiza Cheche hadi mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Umefanya vizuri kuja. Sasa kamwambie mama yako kabla hajaambiwa na mtaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mama yake Cheche alizima mashine ili asikie vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, ngao ya uso ikiwa bado juu ya kichwa.

"Kumbe ndiyo maana tochi haikuwa na betri," alisema hatimaye. Akakaa kwenye kitanda cha mteja ambacho hakijakwisha. "Nilipiga vigelegele mbele ya watu, Cheche."

"Najua, mama."

"Kesho utamwambia mwalimu, na darasa lile lile lililokupigia makofi. Mimi sitakusemea."

Kesho yake Cheche alisema. Haikuwa hotuba ndefu. Wapo waliocheka, yupo aliyeguna, na mmoja akasema kwa sauti, "Njia ya mwongo ni fupi." Nafasi ya kwanza ikaenda kwa mwenye pampu. Mwalimu wa sayansi hakufoka. Alimwacha asimame pale mbele hadi minong'ono ikaisha, kisha akauliza jambo ambalo halikutarajiwa.

"Sumaku zako mara ya mwisho kushika msumari ilikuwa lini?"

Cheche akafikiri. "Kabla ya kuzikaza kwenye gurudumu."

"Na baada ya hapo?"

"Sikuzijaribu, mwalimu. Mama alikuwa amezichomelea."

"Hebu tuone," alisema mwalimu.

Jioni ile walikuwa karakanani: mwalimu, Cheche, mama yake, na Futi aliyekuja kwa sababu ameitwa na mwalimu, naye alisimama mbali na Cheche kadiri ukuta ulivyomruhusu. Mwalimu alichovya ukingo wa gurudumu la Cheche kwenye kopo la misumari, kisha akalichovya la Futi. Haukung'ang'ania hata msumari mmoja. Akachukua sumaku moja iliyobaki, ambayo haikuwahi kuchomelewa. Misumari ikaivamia.

"Kitabuni nilisoma kwamba moto mkali unaua sumaku, na kipigo cha nyundo huidhoofisha," alisema. "Kwa macho yangu sijawahi kuona. Mama, una moto hapa?"

"Moto ndio nilio nao," mama akajibu. Alikibana kipande kile kwa koleo, akakipasha kwa mwali mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe. Walipokichovya tena kwenye kopo, kilitoka kitupu.

Mama alikitazama kipande kile, akatazama na magurudumu mawili aliyoyachomelea kwa ustadi wake wote. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika benchi. "Ala! Kumbe muuaji ni mimi! Tena nikazipiga na nyundo juu yake!"

Futi naye akacheka, bila kutaka. "Kwa hiyo nilipima vizuri?" aliuliza.

"Ulipima vizuri kuliko wote," mwalimu alisema. "Na swali lako la mwanga kutopungua ndilo lililopaswa kuulizwa ukumbini. Hata mimi sikuliuliza. Kesho kiti chako cha klabu nikikute kina mtu."

Walianza upya. Safari hii kusugua kulikuwa kwa watu wawili, ingawa siku za kwanza Futi hakusema na Cheche ila maneno ya kazi: lete, shika, geuza. Tupa ni ngumu kutoboa, hivyo Futi alipima vipande vyembamba vya aluminiamu, Cheche akavikunja vikaikumbatia kila sumaku, wakavikaza kwenye rimu kwa skrubu na nati. Moto haukukaribia. Mama alipita mara kwa mara, mkono ukimwasha kuchomelea, lakini alijizuia.

Feni nayo haikusahauliwa. Waya wake, ambao kwa bahati Futi aliutunza bila kuukata, ulipelekwa kwa fundi wa mota mtaa wa pili, naye alikubali kuusuka upya kwa sharti kwamba Cheche amfagilie karakana yake kila asubuhi ya likizo mpaka shule zifunguliwe. Cheche alifagia. Siku feni ilipovuma tena, mshonaji alikaa mbele yake amefumba macho, akaacha cherehani ipumzike kidogo.

Jenereta ilipokuwa tayari, iliwekwa juu ya meza karakanani bila kisanduku chochote, nyaya zote nje. Futi alishika gurudumu. Akalizungusha. Taa ikapepesa, ikazima, ikapepesa tena, kisha ikashika: mwanga mdogo, mwekundu kidogo, wa kumezwa na mchana. Futi alipopunguza mwendo, ukafifia. Alipoongeza, ukarudi.

"Inapungua!" Cheche alipiga kelele kwa furaha. "Futi, inapungua!"

Hakuna aliyewahi kushangilia taa kwa kufifia kwake kama wale wasichana wawili siku ile.

Baadaye, wakifagia, Cheche alimuuliza mama yake taratibu, "Mama, Futi atanisamehe lini kabisa?"

Mama alivua glavu zake. "Mimi nimezoea kuunganisha vitu mara moja tu. Moto, cheche, kimefika. Lakini umeona mwenyewe, mwanangu, kuna vitu moto unaviua. Kushindwa hakukuwa kosa lako. Hata mimi nilishindwa pamoja nawe bila kujua. Ungesema 'haiwaki' siku ile ile, tungelitafuta kosa letu mapema, na mwenzako asingejiona mjinga. Uongo wako ndio uliomvunja. Kuaminiwa tena hakuchomelewi. Kunakazwa nati moja moja, kwa subira, kama mlivyokaza sumaku zenu. Wewe kaza tu."

Cheche alikaza. Muhula mzima uliofuata, kila alipoleta kitu chochote kwenye klabu kikawaka au kikazunguka, Futi alipiga makofi kama wengine. Ila kabla ya kupiga makofi, aliinama kwanza akachungulia chini ya meza. Na Cheche, bila kununa, alimwinulia kitambaa cha meza ili aone vizuri.